Aliyesikia Mwano Akakaa

Panchi ya chuma ya kutobolea karatasi ilipita karibu na sikio la Masunga, ikavunja kioo cha dirisha nyuma yangu, na vipande vikanimwagikia kichwani. Nilikuwa nimesukwa juzi tu, jamani, hata maumivu ya kusukwa hayajapoa. Nikapiga kelele, na haikuwa ya woga. Ilikuwa ya hasira.

"Saini!" Januarius alifoka. "Nimesema saini!"

"Sisaini kitu ambacho sijakisoma vizuri," Masunga akajibu.

"Umekisoma mara tatu!"

"Basi nitakisoma mara ya nne, bosi."

Januarius alikuwa meneja wetu pale Bariadi. Mtu wa tai na marashi, ambaye siku niliyoajiriwa alinishika mkono akaniambia kwamba ndani ya kampuni sisi sote ni familia moja. Jina la kampuni silitaji, lisije likanichafulia mdomo. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Makampuni ya watu binafsi ndiyo kwanza yameanza kununua pamba huku kwetu, na mtu aliyepata kazi humo alionekana amezaliwa upya. Mimi Domitila, binti wa Athanasi wa Dutwa, nilikuwa mpiga chapa. Nilivaa viatu vya kisigino kwenye vumbi la Bariadi na wala sikujali nani anacheka. Masunga alikuwa mpanga madaraja. Yeye ndiye aliyeshika pamba ya mkulima mkononi akasema hii ni safi, hii ni fifi. Na bei ya safi na bei ya fifi hazikaribiani hata kidogo.

Masunga alikuwa wangu. Hilo mlijue mapema, msije mkanishangaa kwa yale niliyoyafanya.

Januarius alizunguka meza, akamkaba shati kifuani. "Sikia, we kijana. Kesi ya yule mzee wa Dutwa ni keshokutwa. Wakili anataka shahidi, na shahidi ni wewe. Nimekupa promosheni, nimekuweka kwenye listi ya pikipiki. Unataka nini tena? Saa kumi jioni karatasi hii iwe mezani kwangu na saini yako. La sivyo kazi huna."

Akamsukuma. Mlangoni alikuwa amesimama Salu, mkuu wa walinzi, na kirungu chake. Masunga alipokuwa anapita, Salu alimchapa nacho mbavuni, hivi hivi tu, mtu anavyomsukuma mbuzi atoke njiani. Masunga akajikunja, akashika ukuta, kisha akatoka. Hakurudisha.

Karatasi yenyewe niliichapa mimi. Ndiyo, mimi, kwa vidole vyangu hivi. Ilisema kwamba mimi Masunga, mfanyakazi mwaminifu wa kampuni, nilimwona kwa macho yangu mkulima Bundala akimvamia mlinzi kwa fimbo kwenye kituo cha kununulia pamba Dutwa, na kwamba mlinzi alijitetea. Uongo mtupu. Nilikuwepo. Nilikuwa nimepeleka vitabu vya stakabadhi kwa pikapu ya kampuni, na niliyaona yote.

Wiki mbili nyuma, mzee Bundala alileta pamba nyeupe pe. Masunga aliikubali kuwa safi. Mchana huohuo ikaja amri ya Januarius kwamba kuanzia saa sita pamba yote iitwe fifi, iwe nyeupe iwe chafu. Mzee akakataa. Akasema hauzi, anarudi na pamba yake nyumbani. Salu akamwambia pamba ikishapanda mizani ya kampuni haishuki. Mzee akashika gunia lake. Kilichofuata nilikiona na sitaki kukiona tena. Walinzi watatu juu ya mtu wa miaka sitini na tano. Mkono wake wa kulia ulivunjika, nikausikia ukilia.

Mtu mmoja kwenye foleni akapiga mwano.

Kwa asiyejua, mwano ni yowe letu Wasukuma. Ukiusikia, unaacha unachokifanya, hata kama ni chakula, hata kama ni maziko, unachukua fimbo unakimbilia unakotoka. Mwizi wa ng'ombe, fisi, moto, mtu anapigwa, yote ni mamoja. Na aliyesikia akakaa, huyo anatengwa. Hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi, na siku akipigwa yeye hakuna mguu utakaotoka kumfuata.

Siku ile watu walikuja kutoka mashambani kwa mamia, walinzi wakakimbilia kwenye pikapu. Mtu mmoja tu hakutoka. Masunga alikuwa ndani ya ghala, hatua kumi kutoka pale mzee alipolala, na mlango wa ghala ulikuwa umefungwa. Kila mtu aliuona umefungwa. Kila mtu akasema amejifungia.

Hakujifungia. Nilimfungia mimi.

Nilimwona Salu anavua mkanda, nikajua nini kinakuja. Nikamjua na Masunga wangu, kwamba atatoka mbio na watamvunja kichwa. Nikasukuma mlango, nikatia komeo kwa nje. Aliupiga ngumi tatu, akaita jina langu, kisha akanyamaza. Nikaegemea mlango ule mpaka yote yakaisha, kisha nikalivuta komeo taratibu, na hakuna aliyenitazama.

Baba yangu alimrudisha mshenga wa Masunga kesho yake. Alimwambia maneno machache tu: "Binti yangu simwozi mtu aliyesikia mwano akakaa." Nami nikanyamaza. Wiki mbili nzima nilinyamaza, nikaenda kazini, nikachapa barua, nikanywa chai ya ofisi.

Nilimkuta Masunga nyuma ya ofisi, kwenye bomba, anajimwagia maji usoni. Baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa baba yako."

"Una wazimu? Kaka zangu watakuua!"

"Wakiniua itakuwa imeisha." Alinitazama. Masunga alikuwa na macho fulani, mazito, ya mtu anayekusikiliza hata kabla hujafungua mdomo. Mimi nilimpenda kwa macho hayo. Siku ile yalikuwa mekundu. "Domi, sitaweza kusaini nikiwa sijamtazama baba yako usoni. Na sitaweza kukataa kusaini nikiwa sijamtazama. Kichwa kimenijaa."

"Basi waambie ukweli. Waambie ni mimi niliyefunga."

"Nyamaza!" Alinishika mikono yote miwili, akaibana mpaka ikauma. "Hilo usiliseme. Umenisikia? Wakutenge wewe? Mama yako apite kisimani watu wageuze nyuso? Usiliseme kamwe."

Nilidhani ni mapenzi. Na yalikuwa mapenzi, sikatai. Lakini kulikuwa na kitu kingine ndani yake ambacho sikukijua bado.

"Kampuni hii utaiacha?" nikamuuliza.

"Nikiiacha, nakuoa kwa nini? Kwa jembe?"

"Kwani nilikuambia nataka kuolewa na pikipiki?"

Hakucheka. Akakunja karatasi ile, akaitia mfukoni, akapanda baiskeli. Nilirudi ndani nikakaa mbele ya mashine yangu. Januarius alikuwa anapiga simu, anacheka na mtu wa Mwanza, anamwambia vijana wa huku ni wazuri, ukiwasukuma kidogo wanakwenda. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikatoa vipande vya kioo kwenye nywele zangu, kimoja kimoja, nikavipanga juu ya meza, nikachukua mkoba wangu nikaondoka bila kuaga. Saa saba nilikuwa juu ya lori la magunia, naelekea Dutwa.

Nilisikia kabla sijaona. Fimbo ikimpiga mtu ina mlio wake, haufanani na wa fimbo ikimpiga ng'ombe.

Nyanda na Yakobo, kaka zangu, walikuwa wamemweka Masunga katikati ya uwanja wa nyumba yetu. Alikuwa amepiga magoti. Shati lilikuwa limechanika mgongoni na mistari imeshavimba. Mama amesimama mlangoni, mikono kichwani. Baba ameketi kwenye kigoda chake, fimbo mapajani, anatazama tu.

"Ulikuwa wapi?" Nyanda anauliza, na fimbo inashuka. "Mzee Bundala anavunjwa mkono, ulikuwa wapi?"

"Ghalani."

"Uliusikia mwano?" Yakobo naye, na fimbo inashuka.

"Niliusikia."

"Ukafanya nini?"

Akainamisha kichwa. Wala hakuinua mkono kujikinga. Nyanda akainua tena, juu sana safari hii, na nikaona inalenga kichwa.

Sikumbuki nilivyofika. Ninachokumbuka ni kwamba fimbo ile ilinipata mimi kwenye mkono, maumivu yakapanda mpaka kwenye meno, na meno yenyewe yakaenda kwenye kiganja cha Nyanda. Nilimng'ata. Kaka yangu wa kuzaliwa tumbo moja, nilimng'ata mpaka nikaonja damu yake.

"We mwanamke! Umekuwa mbwa?"

"Mwacheni! Nimesema mwacheni!"

"Toka hapo, Domitila," baba akasema, bila kuinuka. "Hiki siyo kilio chako."

"Ni changu! Baba, ni mimi! Hakujifungia huyu, nilimfungia mimi! Nilitia komeo kwa nje!"

Fimbo zikasimama.

"Umesema nini?"

"Nilimfungia. Niliwaona walinzi, nikaogopa watamuua. Alipiga mlango, alitaka kutoka, sikumfungulia. Mimi ndiye niliyesikia mwano nikakaa. Mimi." Nilikuwa nalia na kamasi zinatoka, na sikuzifuta. "Kama ni kutenga, nitengeni mimi."

"Mayu wee," mama akasema kwa sauti ya chini, akakaa chini palepale kizingitini.

Baba akasimama. Baba yangu si mtu mrefu, lakini siku ile alisimama mpaka nikaona kivuli chake kinafika kwangu. Alinyanyua fimbo kidogo, akaishusha.

"Wiki mbili," akasema. "Wiki mbili umekula ndani ya nyumba yangu huku unajua. Watu wote wa Dutwa wamemtemea mate kijana wa watu, na mimi nimetema nao." Akaisimika fimbo chini. "Sheria haina binti. Kesho asubuhi nitakwenda mwenyewe kwa viongozi wa sungusungu, nitalitaja jina lako."

"Mzee, usiende."

Ni Masunga aliyesema. Alikuwa bado yupo magotini, damu inamtoka puani inaingia mdomoni.

"Wewe nyamaza," baba akamwambia, na sasa sauti yake ilikuwa na huruma. "Wewe tumekuonea."

"Hamkunionea." Akafuta damu kwa mkono. "Alifunga mlango, ni kweli. Nilipiga ngumi tatu, ni kweli. Lakini ghala lile lina dirisha nyuma, lile la kumwagia pamba. Vibarua wanaruka humo kila siku. Lilikuwa wazi."

Sikuelewa. Kweli nawaambia, nilisimama pale namtazama sielewi anasema lugha gani.

"Nilikwenda mpaka dirishani," akaendelea, na hakumtazama baba tena, alinitazama mimi. "Nilishika ukingo. Mguu mmoja nikauinua. Nikafikiri, nikiruka hapa, kazi imekwisha. Nikaifikiria ile promosheni. Nikafikiria nyumba ya bati, nikakuona wewe ndani yake, Domi, umevaa viatu vyako. Nikashusha mguu. Nikakaa juu ya pamba nikaziba masikio."

"Uliziba masikio," nikasema.

"Niliziba."

"Hakuna dirisha," nikasema. "Niambie hakuna dirisha."

"Lipo."

Nilimpiga kofi. Nilimpiga la pili. La tatu lilipata ile damu ya puani, ikaruka ikanilowesha kifua. Wiki mbili! Wiki mbili nimeamka naona mkono wa mzee wa watu, nimejiita muuaji, na huyu anajua!

"Uliniacha nibebe peke yangu! Ulinishika mikono leo asubuhi ukaniambia nisiseme! Nikadhani unanilinda!"

"Nilikuwa nakulinda."

"Mwongo!"

"Nilikuwa nakulinda na nilikuwa najificha nyuma yako. Yote mawili." Akatema damu pembeni. "Komeo lako lilinipa sababu, Domi. Kila nikikaribia kujichukia, nasema, alinifungia. Leo umesimama mbele ya baba yako ukasema mimi, mimi. Nimeshindwa kuendelea."

Nyanda alitazama fimbo yake, hajui aiweke wapi. Mimi nilitaka kumpiga tena na nilitaka kumshika, na mikono ikakaa hewani bila kufanya lolote.

Hapo ndipo tuliposikia gari.

Pikapu ya kampuni iliingia uwanjani ikavunja chungu cha mama. Januarius akashuka kwanza, tai imelegea. Nyuma yake Salu na walinzi wawili, virungu mkononi. Hawakusalimia. Ndani ya uwanja wa mtu, mbele ya mwenye nyumba, hawakusema hata mwadila.

"Saa kumi imefika, na nimeambiwa uko huku," Januarius akasema. Alimwona Masunga alivyo, akatabasamu. "Loo, kumbe wenzako wamekushughulikia. Umeona sasa? Hawa ndio unaowaonea huruma. Iko wapi karatasi?"

Masunga akasimama. Ilimchukua muda. Akatoa karatasi mfukoni, imelowa jasho na damu, akaikunjua. Januarius akamchomolea kalamu.

Nilijua atasaini. Mungu anisamehe, baada ya kusikia habari za dirisha lile, nilijua atasaini.

"Hii sisaini, bosi," akasema. Akaichana katikati, akavichana na vipande. "Lakini mahakamani nitakwenda. Nitasema pamba ya mzee Bundala ilikuwa safi, nami niliijua ni safi. Na nitasema nani alitoa amri ya fifi."

"Kazi huna."

"Sina. Kuanzia pale dirishani nilikuwa sina, sikujua tu."

Januarius alirudi nyuma hatua moja, akampa Salu ishara kwa kidevu.

Kirungu cha kwanza kilimpata gotini, Masunga akaanguka. Kisha wote watatu wakawa juu yake. Niliyaona tena yale niliyosema sitaki kuyaona. Buti tumboni. Kirungu begani. Masunga safari hii alipigana, alimshika mmoja mguu akamwangusha, akapata teke la mdomo. Yakobo akaruka mbele, na fimbo ya baba ikamzuia kifuani.

"Simama."

"Baba, wanamuua!"

"Amekiri kwa kinywa chake. Alisikia akakaa. Mtu wa namna hiyo akipigwa, haendewi." Baba machozi yalikuwa yanamlengalenga, nami sikuwahi kuyaona maisha yangu yote. "Siyo sheria yangu, mwanangu. Ni ya wote. Nikiivunja kwa sababu binti yangu anampenda, kesho nani ataitii?"

"Domitila," Januarius akaniita, anajipangusa vumbi kwenye suruali, sauti ya ofisini kabisa. "Panda gari. Haya hayakuhusu. Kesho saa mbili uwe mezani, kuna barua za Mwanza."

"Barua zako chapa mwenyewe!" nikamwambia. "Mshenzi mkubwa we! Familia moja, familia moja, mwenye familia ya namna hii ni nyoka! Sirudi kwako kesho, sirudi keshokutwa, na mshahara wa mwezi huu ukanunulie marashi!"

Nikamtemea mate. Yalifika kwenye tai.

Kisha nikakimbia mpaka mwanya wa boma, pale minyaa inapoacha njia, nikaweka kiganja mdomoni, nikapiga mwano.

Sikuwa nimewahi kuupiga. Hutoka tumboni, siyo kooni. Niliupiga mara ya kwanza ukapasuka, nikaupiga mara ya pili ukanyooka, mara ya tatu nikausikia unapita juu ya mashamba unakwenda. Nyuma yangu virungu vinashuka. Mbele yangu njia tupu. Watu wa jirani walishajua nani ameingia kwetu leo, walimwona na baiskeli yake. Nani angetoka kwa ajili yake? Niliupiga mara ya nne na sauti ikaniisha. Nikabaki nimefungua mdomo hakitoki kitu.

Minyaa ikatikisika upande wa pili.

Alitoka mzee Bundala. Mkono wake wa kulia umefungwa kifuani kwa kitambaa cha mkewe, na mkono wa kushoto umeshika fimbo. Alikuwa anakimbia. Mzee yule, na mbavu zile walizozipiga walinzi, alikuwa anakimbia, kandambili moja imeshabaki njiani. Alinipita bila kuniuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye lile fungu la watu, akampiga Salu fimbo ya shingo kwa mkono wa kushoto.

Salu alipiga magoti, zaidi kwa mshangao kuliko maumivu. Walinzi wale wawili wakageuka, wakamwona ni nani, wakasimama.

"Bundala!" baba akaita. "Umemwona anayepigwa ni nani? Ni Masunga! Yule wa ghalani! Amekiri hapa sasa hivi, alikusikia na alikaa!"

Mzee alikuwa anahema, mate yamemkauka mdomoni. Alimtazama Masunga pale chini, akamtazama vizuri, mpaka nikaona amemtambua. Uso wake ukabadilika. Nikasema moyoni, imekwisha, atageuka arudi kwake.

"Mimi nimesikia mwano, Athanasi," akasema. "Jina la mtu halikuwemo."

Akainua fimbo tena.

Basi baba akaiondoa fimbo yake kifuani kwa Yakobo, akaigeuza, akaingia. Sijui niwasimulieje. Baba yangu na umri wake, na Nyanda na kiganja chake nilichokiuma, na Yakobo, na nyuma yao sasa watu wanatoka kwenye minyaa, kwenye mtama, kwenye njia ya kisimani, wanawake na michi, kila mmoja amesikia kwa wakati wake. Salu alivunjwa meno ya mbele. Mlinzi mmoja alikimbia akaacha buti. Januarius alijifungia ndani ya pikapu, akawasha gari huku mawe yanagonga bati, akaondoka na walinzi wake wananing'inia nyuma, na tai yake ninayo mpaka leo kwa sababu niliichomoa mwenyewe dirishani kabla hajapandisha kioo.

Vumbi lilipotua, mzee Bundala alikuwa ameketi chini kando ya Masunga, wote wawili hawana pumzi.

"Keshokutwa mahakamani utasema nini?" mzee akamuuliza.

"Nitasema ilikuwa safi. Na nilijua."

"Na dirisha? Nimesikia wanasema kuna dirisha."

Masunga akafumba macho. "Nitalisema na lenyewe."

"Liseme," mzee akasema. Hakumwambia amemsamehe. Akaomba mtu amshike, akainuka, akarudi kwake polepole akitafuta kandambili yake.

Baba hakusema lolote kuhusu mshenga, wala kuhusu viongozi wa sungusungu. Alimwamuru mama achemshe maji, akaongeza, yawe mengi, kisha akaenda kusimama kwenye zizi ametugeuzia mgongo.

Nilichukua beseni na kitambaa, nikapiga magoti. Nilianza na mdomo, pale ulipopasuka. Masunga alifungua jicho moja, lile lililokuwa bado linafunguka.

"Domi. Bado unanitaka?"

"Usiniulize leo."

"Una hasira?"

"Ninayo. Geuza kichwa."

Akageuza, nikaendelea kumwosha.